Je, moyo wa kushindana huisha? Jibu kwa nahodha wa hoki ya barafuni

"Nina miaka 31, ni beki, na huu ni msimu wangu wa sita nikiwa nahodha wa timu ya kulipwa ya hoki ya barafuni. Msimu uliopita tulitolewa kwenye mchezo wa saba na wa mwisho wa mtoano, muda wa nyongeza. Paki, kile kisahani tunachogombania, ilikuwa kwenye gongo langu, kwenye mstari wa buluu wa upande wao, pale eneo lao la ulinzi linapoanzia. Nikajaribu kumpasia mwenzangu, ikanaswa, wakakimbia nayo wakafunga. Tangu siku hiyo mimi si yule. Siku ya mechi tumbo hukaza tangu asubuhi. Nikipata paki nataka tu kuiondoa kwangu. Baada ya mechi silali mpaka saa tisa au saa kumi usiku, naitazama video ileile. Nyumbani nimekuwa mkali kwa mambo madogo. Kocha anasema nimepoteza njaa. Mkongwe mmoja ninayemheshimu tangu utotoni ameniambia moyo wa kushindana mtu huzaliwa nao, na ukiisha umeisha. Vijana chumbani wananitazama mimi. Je, ni kweli umeisha? Nivue herufi C ya unahodha kwenye jezi nimpe mwingine, au nistaafu kabisa?"

Nahodha, pole sana. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na kila mara jicho langu limekwama kwenye sentensi moja: "Nikipata paki nataka tu kuiondoa kwangu." Hukuandika kwamba hutaki kucheza. Hukuandika kwamba matokeo hayakuumi tena. Mtu ambaye moyo wa kushindana umemwisha hakeshi hadi saa kumi akilitazama kosa la sekunde tatu. Huyo analala vizuri tu. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza nakupa mapema: hapana, haujaisha. Kuna kitu kimeingia kati yako na mchezo, na inafaa tukitambue kabla hujavua chochote.

Lakini kuna jambo hukulitaja, nami siwezi kuliruka. Umegongwa kichwani? Nauliza juu ya kubamizwa kwenye ubao wa pembeni, kiwiko, bega, hata kuanguka mazoezini. Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Kichwa kikisimama ghafla, ubongo huendelea kusogea, na nyuzi zake huvutwa na kusokotwa. Si lazima kichwa chenyewe kiguswe. Pigo la kifuani linalokirusha kichwa nyuma linatosha. Wala si lazima uzimie, na wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii. Sasa ziandike dalili zake kwenye karatasi, kisha uziweke kando ya barua yako: usingizi mbovu, hasira za karibu, umakini unaokatika, wasiwasi, huzuni isiyo na sababu ya wazi. Zinafanana mno. Picha za kawaida za kichwa mara nyingi hutoka safi, kwa sababu zinatafuta damu na mpasuko, ilhali hitilafu ya mtikisiko iko kwenye namna seli zinavyofanya kazi. Ukiambiwa "picha haikuonyesha kitu," usiichukue kauli hiyo kuwa cheti cha uzima.

Unamkumbuka Sidney Crosby. Aligongwa tarehe 1 Januari 2011, akacheza tena, akagongwa tena tarehe 5. Alikuwa nahodha wa Pittsburgh Penguins, na tayari ameshanyanyua Stanley Cup ya 2009, kombe la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Aliporejea tarehe 21 Novemba alifunga mabao mawili na kutoa pasi mbili za mabao usiku uleule, watu wakaamini yamekwisha. Baada ya mechi nane dalili zikarudi, akakaa nje hadi Machi 2012. Sidhani kuna mtu aliyewahi kusema Crosby hana moyo wa kushindana, na baadaye aliiongoza timu hiyohiyo kutwaa kombe mwaka 2016 na 2017. Kichwa chake kilikuwa kinaumwa, basi. Kwa hiyo kamwone daktari wa majeraha ya ubongo michezoni hata kama una hakika huna tatizo. Akikukuta na tatizo, sehemu kubwa ya haya ninayoandika hapa chini isubiri mpaka upone.

Tuseme kichwa ni salama. Turudi kwa yule mkongwe. Kauli yake inaumiza kwa sababu imetoka kwa mtu unayempenda, na inachukulia moyo wa kushindana kama akiba mtu anayopewa siku ya kuzaliwa, akaitumia hadi ikakauka. Mimi katika kazi yangu sijauona ukifanya hivyo. Ninachokiona ni kwamba hubadilika umbo. Steve Yzerman alipewa unahodha wa Detroit Red Wings mwaka 1986 akiwa na miaka 21. Msimu wa 1988–89 alipata pointi 155, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja. Angepimwa kwa kipimo hicho peke yake, miaka iliyofuata ungesema njaa imemwisha, maana pointi zilipungua. Kumbe alikuwa amejifunza kukaba. Mwaka 1995 alipoteza fainali kwa michezo minne mfululizo. Mwaka uliofuata timu yake ilishinda mechi 62 za ligi na bado ikatolewa kabla ya fainali. Kombe alilinyanyua 1997, akiwa amevaa herufi C kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya mshambuliaji bora kwa ulinzi. Kijana wa 1989 na mtu mzima wa 1997 walishindana kwa namna mbili tofauti kabisa.

Kwangu mimi, kushindana ni kazi ya umakini: macho na akili vimeelekea wapi pale jambo linapoamuliwa. Zamu moja barafuni, kabla hujarudi benchini kupumzika, ni kama sekunde 45. Mtu wa kiwango chako huteleza kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa, na shuti kali hupita kilomita 150 kwa saa. Ndani ya mwendo huo hakuna nafasi ya kufikiri hatua kwa hatua, kuna nafasi ya kuona tu, halafu mwili unafanya kile ulichokirudia maelfu ya mara tangu utotoni. Pasi ile ya mstari wa buluu ulikuwa unaitoa ukiwa na miaka 12 bila kujua kifundo cha mkono kimekaaje.

Shinikizo linafanya nini hapo? Mwaka 1984 mwanasaikolojia Mmarekani Roy Baumeister alichapisha majaribio kuhusu watu kuharibikiwa pale wanapotaka sana kufanya vizuri. Maelezo yake ni kwamba shinikizo humfanya mtu ajigeukie, aanze kuusimamia mwili wake mwenyewe. Ujuzi uliokwisha kuingia mwilini haupendi kusimamiwa. Unapoanza kuuliza "gongo limekaa sawa? nisikosee tena," unaupeleka tena ubongo kwenye njia ya polepole, ile ya mwanafunzi, na hoki haikusubiri. Wakati huohuo adrenalini imepanda, misuli imekaza, macho yanaona eneo dogo kuliko kawaida. Mpinzani anayekuja kutoka pembeni, ambaye zamani ungemwona bila kugeuka, sasa anakushtukiza. Kwa hiyo hofu ya kosa inazaa mazingira ya kosa. Huo si udhaifu wa tabia, na haumaanishi kwamba wewe si mtu wa mechi kubwa.

Sasa nije kwenye sentensi yako ile, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa unapojilisha. Paki inakufikia, tumbo linakaza, unaitupa haraka kwa mwenzako au unaipiga kwenye ubao. Papo hapo unapata nafuu. Nafuu hiyo ni tamu, na ubongo wako unaandika: *paki ilikuwa hatari, nimeiondoa, nimesalimika*. Zamu inayofuata hofu inakuja mapema zaidi, na wewe unaitupa mapema zaidi. Hakuna aliyekupiga wala kukukemea, ila umejifundisha mwenyewe, mara ishirini kila mechi, kwamba kitu ulichokipenda tangu utoto ni cha kukimbiwa. Kocha anaona beki anayekwepa paki, anaita kukosa njaa. Simlaumu, kwa nje vinafanana. Ila mtu asiye na njaa anahitaji kuamshwa, na wewe umeamka kupita kiasi. Ukijibu maneno ya kocha kwa kujikaza zaidi, kupiga kelele zaidi chumbani na kuongeza muda wa mazoezi, utaongeza moto chini ya chungu kinachofurika.

Tuna methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Wengi huitumia kumfariji aliyefungwa. Mimi naisoma kama maelezo ya kazi yako. Asiyeweza kuvumilia *uwezekano* wa kushindwa hawezi kukaa na paki sekunde moja zaidi ili njia ya pasi ifunguke, kwa kuwa sekunde hiyo ndiyo yenye hatari, na ndiyo yenye bao. Anayeikubali sekunde hiyo, akijua inaweza kumgharimu, huyo ndiye anayeshindana. Usiku ule wa mchezo wa saba ulikuwa unashindana. Uliona nafasi, ukajaribu. Kilichofuata baada ya usiku ule ndicho kinachohitaji tiba.

Halafu kuna ile herufi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na walio nje wanaona C kama pambo la kifuani. Kwa kanuni, nahodha ndiye mwenye haki ya kuzungumza na mwamuzi juu ya tafsiri ya sheria, au msaidizi mwenye herufi A asipokuwepo nahodha barafuni. Kanuni inaishia karibu na hapo. Mengine yote, kijana aliyeshushwa daraja, mvutano wa kocha na kipa, waandishi wa habari baada ya kipigo, hayakuandikwa popote na yanakufuata hadi kitandani. Na juu yake kuna hadithi tunazopenda kusimulia kuhusu manahodha, ambazo nadhani zimekudhuru.

Chukua ya Mark Messier, mwaka 1994. New York Rangers walikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa mbili dhidi ya New Jersey Devils, naye akawaambia waandishi kwamba watashinda mchezo wa sita. Wakashinda 4–2, akafunga mabao matatu kipindi cha tatu. Ndivyo inavyosimuliwa: nahodha aliahidi, nahodha akatimiza. Kinachoachwa ni kwamba Devils waliongoza 2–0, kwamba kipa Mike Richter ndiye aliyezuia yasiwe manne, na kwamba bao la kwanza la Rangers lilifungwa na Alexei Kovalev. Na mchezo wa saba ulimalizwa na Stéphane Matteau katika muda wa nyongeza wa pili. Messier alikuwa mkubwa usiku ule, hilo halina ubishi. Lakini nahodha anayejifunza kutokana na nusu ya hadithi hujifunza kwamba kila bao la adui ni deni lake binafsi.

Ningependa ukumbuke zaidi Steven Stamkos. Mwaka 2019 Tampa Bay Lightning yake ilishinda mechi 62 kati ya 82, kisha ikatolewa raundi ya kwanza bila kushinda mchezo hata mmoja. Aibu ya aina ile najua unaijua. Mwaka 2020 walitwaa kombe, na nahodha huyo, kwa sababu ya majeraha, alicheza mchezo mmoja tu wa hatua nzima ya mtoano: dakika 2 na sekunde 47, katika fainali, akafunga bao. Siku nyingine zote alikuwa pamoja nao bila kucheza, na kombe alikabidhiwa yeye kwanza.

Tufanye nini basi? Nianze na barafu. Zungumza na kocha wa mabeki, si lazima mkuu, umwombe zoezi moja: upokee paki mstari wa buluu huku mtu anakujia, na *usiruhusiwe* kuitoa kabla hujahesabu moja. Mwanzo anayekuja aje polepole. Wiki ya pili aje kwa kasi. Utaipoteza mara nyingi, na hiyo ni sehemu ya dawa. Ubongo unatakiwa uone paki ikipotea, dunia ikiendelea, na wewe ukirudi kukaba. Nafuu ya kutupa hufutwa kwa kubaki, haifutwi kwa maneno. Usilipeleke zoezi hili kwenye mechi kabla mwili haujalizoea.

Benchini, unaporudi kutoka zamu, toa pumzi ndefu mara tatu au nne, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo, ni kazi ya neva na haihitaji imani. Kisha yatoe macho nje yako. Jiulize swali linalohusu barafu: beki wao yupi amechoka? Kipa wao anashuka mapema upande gani? Swali la aina hiyo linaunyima ubongo nafasi ya kukisimamia kifundo cha mkono. Na lile tumbo la asubuhi usipigane nalo. Utafiti wa Alison Wood Brooks uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba waliojiambia wamesisimka kabla ya hotuba au mtihani wa hesabu walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Hotuba si hoki, najua, ila kwa miaka mingi nimeona jambo hilo likiwasaidia wachezaji: moyo unaodunda ni mwili unaojiandaa, na kuuita jina hilo ni rahisi kuliko kuuzima.

Usingizi nauchukulia kwa uzito kuliko yote ya mwilini. Mechi inaisha usiku, adrenalini bado iko juu, joto la mwili liko juu, halafu unamwaga video juu yake. Kila ukiitazama peke yako gizani unaurudia mshtuko ule na kuukaza zaidi kwenye kumbukumbu. Simu ibaki nje ya chumba cha kulala. Kama unatumia kafeini kabla ya mechi, kumbuka huchukua kama saa tano nusu yake kutoka mwilini, hivyo ya jioni bado inafanya kazi saa sita usiku. Ukikosa usingizi kwa muda mrefu, ondoka kitandani, kaa mahali penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Usitafute usingizi kwenye pombe, maana huleta usingizi wa kuvunjikavunjika, wala kwenye vidonge vya mwenzako. Nyumbani, waambie wanaokaa nawe kwa maneno machache kinachoendelea. Sasa hivi wanadhani umewakasirikia wao.

Kuhusu C, sina jibu moja, na nisingemwamini mtaalamu anayekupa jibu moja kutokana na barua. Kuibakiza kuna faida: mahusiano uliyojenga kwa miaka sita ni mali ya timu, na kuondoka ukiwa ndani ya hofu hufundisha ubongo lilelile la paki, kwamba nafuu iko kwenye kuachia. Lakini kama utaibakiza, ugawe kazi kweli. Manahodha wengi chombo huenda mrama, sikatai, ila hapa usukani unabaki kwako. Wenye herufi A mmoja apewe waandishi wa habari, mwingine apewe vijana wapya, na wewe ubaki na kocha na chumba. Kuiachia nako si kifo. Joe Thornton alivuliwa unahodha wa San Jose Sharks mwaka 2014, na hakuliona kuwa jambo dogo. Msimu wa 2015–16 alipata pointi 82 na timu ikafika fainali kwa mara ya kwanza katika historia yake, C ikiwa kifuani mwa Joe Pavelski. Kuna watu wanaopumua vizuri zaidi bila herufi. Ninachokuomba ni uamuzi huo usiufanye ukiwa hujalala, hujapimwa kichwa, na ukiwa katikati ya msimu. Kustaafu nakuweka mbali zaidi: hilo lijadiliwe baada ya haya mengine kutulia, maana halirudishwi kirahisi.

Kuna mambo ambayo hayangoji. Ukiona wiki mbili zimepita hakuna kinachokufurahisha, hata nje ya hoki. Ukiona unahitaji pombe au kidonge ili ulale. Ukipata maumivu ya kichwa, kichefuchefu, au mwanga na kelele vikikusumbua, tafuta mtu wa kukuona ana kwa ana wiki hiyohiyo. Ukijikuta unafikiri kwamba ingekuwa heri usiwepo, basi ni siku hiyohiyo: mwambie mtu aliye karibu nawe na mwende pamoja hospitali. Ukimwona mwanasaikolojia wa timu, muulize kabla hujakaa: taarifa zangu zinamfikia nani? Ni swali halali na mtaalamu mzuri halichukii. Wachezaji wa NHL wana mpango wa siri wa msaada unaoendeshwa kwa pamoja na ligi na chama cha wachezaji tangu 1996. Kama unacheza ligi nyingine, uliza chama chenu cha wachezaji kama kuna kitu cha aina hiyo, au tafuta mtaalamu wa nje asiyemjua kocha wako.

Na ile video. Sikukatazi kuitazama, nakukataza kuitazama usiku na peke yako. Ipeleke kwa kocha wa mabeki mchana, mkae, muitazame mara moja. Usianzie pale paki inaponaswa. Anzia sekunde 20 nyuma, na safari hii watazame wenzako wanne na kipa: nani alikuwa amechoka, nani alisimama wapi, ni njia zipi nyingine za pasi zilikuwa wazi na zipi zilikuwa zimefungwa kabla paki haijafika kwako. Kisha niandikie uliona nini.